Dk Williamson: Mfalme wa almasi aliyewasha taa Mwadui kabla ya gridi

MWAKA 2023 Serikali ilitia saini mkataba wa kujenga kituo cha umeme wa jua katika Kijiji cha Ngunga, wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga. Kituo hicho kilipangwa kufikia megawati 150, awamu ya kwanza ikiwa ya megawati 50, kwa mkopo kutoka Ufaransa. Kwa wakazi wa Mhunze, yaliko makao makuu ya wilaya, ilikuwa habari kubwa.

Hata hivyo, huo si mwanzo wa uzalishaji wa umeme wilayani humo. Mwanzo wake umefungamana na maisha ya mtu mmoja, Dk John Thoburn Williamson.

Alizaliwa mwaka 1907 huko Quebec, Kanada. Alisoma Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, ambako alitunukiwa shahada ya uzamivu ya jiolojia mwaka 1933. Baada ya hapo alikuja Afrika, akafanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kisha akaingia Tanganyika na kuajiriwa katika mgodi mdogo wa almasi wa Mabuki.

Waajiri wake walipokata tamaa, yeye aliendelea kutafuta. Kwa miaka kadhaa alizunguka Usukuma akiwa hana fedha, akisumbuliwa na malaria na kuishi kwa mikopo. Miongoni mwa waliomsaidia ni wakili wa Mwanza mwenye asili ya India, I. C. Chopra, ambaye baadaye alikuwa mshirika wake. Machi 1940, Williamson aliipata almasi ya Mwadui.

Almasi ilikuwapo, lakini nishati ya kuichimba haikuwapo. Kampuni za TANESCO na DARESCO, zilizoanzishwa mwaka 1931, zilikuwa mali ya watu binafsi, nazo zilielekea kwenye wateja wenye uwezo wa kulipa: Dar es Salaam, Tanga na mashamba ya mkonge. Kituo cha maporomoko ya Pangani, kilichoanza mwaka 1936, kilikuwa mbali mno na Shinyanga.

Kwa hiyo mgodi ulilazimika kujizalishia umeme kwa mitambo yake wenyewe. Ndio ulioendesha kazi ya kuosha na kuchambua changarawe, na ndio uliowasha taa za mji mzima uliokuwa na hospitali, shule na uwanja wa ndege. Maji yalitoka katika Bwawa la Songwa. Katika miaka ya 1950 mgodi ulikuwa na wafanyakazi wapatao 6,000.

Utajiri ulimpa Williamson nguvu ya kushindana na De Beers kuhusu bei na mauzo. Mwaka 1947 alimzawadia Malkia mtarajiwa Elizabeth almasi ya waridi yenye karati 54.5, kwa ajili ya harusi yake.

Lakini taa za Mwadui ziliishia kwenye uzio. Ng'ambo yake, wakulima wa pamba na wafugaji waliendelea kutumia koroboi. Si ajabu: mtambo uliojengwa na mgodi ulijengwa kwa ajili ya mgodi. Hesabu ya mwekezaji haikuwa na kijiji ndani yake.

Williamson hakuoa. Alifariki dunia Mwadui Januari 1958 kwa saratani ya koo, akiwa na umri wa miaka 50. Warithi wake waliuza mgodi, ukamilikiwa nusu kwa nusu na De Beers na serikali ya kikoloni.

Baada ya Uhuru, Serikali ilianza mwaka 1964 kuzinunua kampuni za umeme, na bwawa la Kidatu likaanza kuzalisha mwaka 1975. Gridi ya Taifa ilifika Shinyanga katika miaka ya 1980, takriban nusu karne baada ya kituo cha Pangani kuanza kazi.

Hapo ndipo lilipo somo la maisha ya Williamson kwa Kishapu ya leo. Alithibitisha kwamba umeme unaweza kuzalishwa hata mahali palipodhaniwa kuwa pori. Alichoacha bila kujibiwa ni swali la nani aunganishwe. Kituo cha Ngunga nacho kitapimwa kwa swali hilo hilo: si kwa idadi ya megawati pekee, bali kwa nyumba zitakazopata mwanga wake.