Hartree, aliyepiga hesabu za atomu na babake

Ukishuka Karatina siku ya soko, tazama wauza nyanya. Hakuna anayezunguka kumuuliza kila mwenzake anauzaje. Kila mmoja anaangalia bei ya soko kwa jumla, anarekebisha yake, na kwa kufanya hivyo anaisogeza ile ya jumla pia. Baadaye bei inatulia. Sasa badala ya wauzaji weka elektroni. Hapo umeshamwelewa Douglas Hartree.

Alizaliwa Cambridge, Uingereza, mwaka wa 1897. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkatizia masomo, akawekwa kwenye hesabu za mizinga ya kutungulia ndege. Ndiko alikozoea hesabu ndefu.

Mwaka wa 1926 Schrödinger alitoa mlinganyo wa elektroni. Shida ni kwamba elektroni zikiwa nyingi zinasukumana zote kwa pamoja, na mlinganyo hautatuliki kalamuni. Mwaka uliofuata Hartree akaja na ujanja wake: kila elektroni ihisi wastani wa zile nyingine. Kisia, kokotoa, linganisha, rudia hadi majibu yatulie. Babake, William, aliyewahi kufundisha uhandisi, alimsaidia kuzipiga hesabu hizo.

Mwaka wa 1930 Fock na Slater walionyesha kasoro: hakuzingatia kikamilifu kwamba elektroni hazitofautishiki. Hakununa. Yeye na mzee wake walirudi mezani na kukokotoa upya kwa marekebisho hayo.

Mwaka wa 1934, akiwa Manchester, yeye na mwanafunzi wake Arthur Porter waliunda mashine ya kutatua milinganyo kwa vyuma vya Meccano, vile vya watoto kuchezea. Gharama? Kama pauni 20 hivi. Alifariki 1958.

Lakini kuna swali ambalo bado linasumbua. Mwalimu alikwambia klorini hupokea elektroni moja. Mbona isipokee tano? Maabarani, atomu iliyo peke yake hushika moja tu ya ziada, au isishike kabisa. Mwaka wa 2003 Jan Philip Solovej wa Denmark alithibitisha kwamba, kwa hesabu ya Hartree na Fock, za ziada haziwezi kupita kikomo fulani, hata kiini kiwe kikubwa vipi. Kwa mlinganyo kamili wa Schrödinger, bado hakuna aliyethibitisha.

Kwa hivyo wewe unayesoma haya ndani ya matatu ya Nanyuki, jua swali hilo halidai maabara. Linadai karatasi, kalamu na mtu asiyechoka kurudia.