Oliver Tambo na Sifa za Mwangalizi: Kutoka Holy Cross hadi Mazimbu

Makala haya yanasimulia kwa ufupi maisha ya Oliver Reginald Tambo (1917–1993), kwa kuyapima na sifa ambazo Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 3, unamwekea mwangalizi wa kanisa: kutolaumika, kuwa na kiasi na upole, kutopenda fedha, kuisimamia vema nyumba yake, na kushuhudiwa mema na watu wa nje. Tambo hakupata kuwa kasisi, ingawa alikusudia kuwa. Hoja yetu ni kwamba wito huo aliuhamishia katika siasa, na kwa sababu hiyo ni haki kumpima kwa kipimo hicho.

Tambo alizaliwa Kantolo, karibu na Bizana, katika nchi ya Wapondo. Alisoma katika misheni ya Kianglikana ya Holy Cross, kisha St Peter's, Johannesburg, shule iliyoendeshwa na watawa wa Jumuiya ya Ufufuo. Alipata shahada ya sayansi Fort Hare mwaka 1941, na mwaka uliofuata akafukuzwa chuoni kutokana na mgomo wa wanafunzi. Alirudi St Peter's kufundisha. Mwaka 1944 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Umoja wa Vijana wa ANC, na mwaka 1952 alifungua ofisi ya uwakili pamoja na Nelson Mandela. Mwaka 1956 Askofu Ambrose Reeves wa Johannesburg alikuwa amekwisha kumkubali aandaliwe kwa ukasisi. Desemba mwaka huohuo alikamatwa kwa shtaka la uhaini, yeye na wenzake 155, na njia ile ikafungika.

Mwaka 1960, baada ya mauaji ya Sharpeville, chama kilimtuma nje ya nchi. Albert Luthuli alipofariki mwaka 1967, Tambo akawa kaimu rais. Mtihani wake mkubwa ulifanyika Morogoro, katika mkutano wa tarehe 25 Aprili hadi 1 Mei 1969. Chris Hani na wenzake walikuwa wameandika waraka mkali dhidi ya uongozi, wakaadhibiwa kwa kutolewa chamani. Mkutanoni Tambo alijiuzulu ili wajumbe waamue kwa uhuru, wakamchagua tena. Hatimaye Hani na wenzake walirudishwa. Hapa twaona upole ambao waraka ule unautaka: mwenye mamlaka kuyaweka chini mbele ya wale wanaomlaumu.

Tunda la uongozi huo laonekana Mazimbu. Baada ya maasi ya Soweto ya 1976, vijana wengi walikimbilia Tanzania. Serikali ilitoa shamba la zamani la mkonge, na hapo kikajengwa Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu, kilichopewa jina la kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Tambo alikifungua rasmi mwaka 1985. Palikuwa na shule, hospitali, shamba na makaburi. Mwaka 1992 ANC ilikikabidhi kwa Tanzania, nacho kikawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Hata hivyo, kipimo chetu hakimwachi salama kila mahali. Mkewe, Adelaide, aliwalea watoto London kwa kazi ya uuguzi, naye Tambo alikuwa mgeni nyumbani mwake. Aliongoza chama kilichoshika silaha. Zaidi ya hayo, katika kambi za Angola wapiganaji walifungwa na kuteswa na walinzi wa chama chenyewe. Tume iliundwa mwaka 1984 kuchunguza maasi ya huko, na mkutano wa Kabwe wa 1985 ukapitisha kanuni za mwenendo. Lakini tume zilizofuata, za 1992 na 1993, zilithibitisha mateso hayo. Mwangalizi hulaumiwa pia kwa yatendwayo chini ya usimamizi wake.

Tambo alipatwa na kiharusi mwaka 1989, akarudi kwao Desemba 1990, na akafariki tarehe 24 Aprili 1993, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi huru. Hivyo basi, maisha yake hayatupi mfano wa mtu asiye na doa. Yanatuonyesha kiongozi aliyekubali kuhukumiwa na anaowaongoza. Sifa hiyo waraka kwa Timotheo hauitaji kwa jina, lakini pasipo hiyo nyinginezo haziwezi kuthibitishwa.