Rachel Carson: Aliyepigana na sumu za mashambani huku saratani ikimmaliza

Mwaka 1954, maofisa wa kilimo walianza kumwaga sumu ya dieldrin kwenye mashamba yanayozunguka Sheldon, mji mdogo katika jimbo la Illinois, Marekani. Aliyekuwa akiwindwa ni mdudu mmoja tu, mbawakawa wa Kijapani, ambaye mabuu yake hula mizizi ya majani huku wakubwa wakitafuna miti na mazao.

Kilichofuata ni vifo. Ndege waliokula minyoo yenye sumu walikufa. Kuchakuro na sungura wakafa. Paka wa mashambani karibu wote wakaisha. Na mbawakawa je? Akaendelea na safari yake kuelekea magharibi kama kawaida.

Kinachouma zaidi ni kwamba dawa nyingine ilikuwepo. Ilikuwa imelala ardhini.

Mtu aliyeziweka habari hizo mbili kwenye kitabu kimoja na dunia nzima ikamsikia ni mwanamke mpole, asiyependa makelele, aitwaye Rachel Carson.

Mtoto wa shambani aliyependa bahari

Rachel alizaliwa Mei 27, 1907 huko Springdale, Pennsylvania. Mama yake, Maria, alikuwa akimtembeza porini na kumwonyesha ndege, wadudu na maua. Akiwa na miaka 11 hivi tayari hadithi yake ilishachapishwa kwenye jarida la watoto.

Chuoni alianza na masomo ya uandishi, halafu akahamia baiolojia. Mwaka 1932 akapata shahada ya uzamili ya zuolojia katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Alitamani kuendelea hadi udaktari, lakini hali ya pesa nyumbani ilikuwa ngumu. Baba yake akafariki mwaka 1935. Miaka miwili baadaye akafariki dada yake, akaacha watoto wawili wa kike. Rachel na mama yake ndio waliowalea.

Basi akatafuta kazi serikalini, kwenye idara ya uvuvi. Mchana aliandika mambo ya ofisi, usiku akaandika vitabu vyake. Mwaka 1951 alitoa The Sea Around Us, kitabu kuhusu bahari, na maisha yake yakabadilika. Kiliuzwa sana, kikampa tuzo kubwa, na mwaka 1952 akaacha kazi ya ajira ili aandike tu.

Mwaka 1957 mmoja wa wale watoto aliowalea akafariki, akamwachia mtoto wa kiume wa miaka mitano, Roger. Rachel, ambaye hakuwahi kuolewa, akamchukua na kumlea kama wake.

Barua iliyomwamsha

Januari 1958 rafiki yake mmoja wa Massachusetts alimwandikia. Dawa ya DDT ilikuwa imenyunyizwa eneo lao kuua mbu, na ndege waliokuwa uwanjani kwake wakafa.

Rachel alikuwa na wasiwasi na DDT tangu miaka ya 1940. Safari hii akaamua kuchimba. Akaanza kuwaandikia wanasayansi, kukusanya ripoti, kuunganisha moja na nyingine. Ndipo akakutana na habari za Sheldon, na pia habari za bakteria wa udongoni.

Ugonjwa wa maziwa

Huko New Jersey, ambako mbawakawa wa Kijapani alionekana kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1916, watafiti waligundua mwaka 1933 kwamba baadhi ya mabuu yake yanaugua. Damu yao ilikuwa imegeuka nyeupe kama maziwa. Chanzo kilikuwa bakteria.

Buu anapokula mizizi anameza spora za bakteria huyo, yaani mbegu zake ngumu. Zikiingia mwilini zinazaliana, buu anakufa, na mzoga wake unarudisha spora nyingi zaidi udongoni. Spora hizo zinaweza kukaa ardhini miaka mingi zikimngoja buu mwingine. Minyoo hawadhuriki, wala ndege, wala paka.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ilisambaza spora hizo katika majimbo ya mashariki, na Rachel aliona kwenye ripoti kwamba wadudu walipungua sana. Kwa nini Illinois walichagua sumu? Waliona bakteria ni ghali na anachelewa. Rachel alipiga hesabu yake tofauti: sumu inarudiwa kila mara, na gharama ya wanyama waliokufa hakuna anayeiandika.

Tuseme ukweli, baadaye ilionekana kwamba bakteria huyo hafanyi kazi vizuri kila mahali. Lakini Rachel hakumtegemea yeye peke yake. Aliandika pia kuhusu Bacillus thuringiensis, aliyeelezwa na Mjerumani Ernst Berliner mwaka 1911 baada ya kumkuta kwenye viwavi wa nondo wa unga. Bakteria huyu hutengeneza protini ambayo kiwavi akiila, utumbo wake unatoboka. Anaacha kula, na baada ya siku chache amekufa. Kwa binadamu protini hiyo haina pa kushika, inameng'enywa tu.

Vita akiwa mgonjwa

Mwaka 1960, kitabu kikiwa hakijaisha, Rachel alifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi. Ugonjwa ukasambaa. Aliwaambia watu wachache tu, maana alijua wenye viwanda wakisikia watasema anaandika kwa uchungu wa ugonjwa wake.

Silent Spring kilitoka Septemba 27, 1962. Moto ukawaka. Kampuni moja ya kemikali ilitishia kumpeleka mahakamani mchapishaji wake. Wengine wakamdharau kwamba hana udaktari, kwamba ni mwanamke mwenye jazba tu.

Hakuwajibu kwa matusi. Mwezi Mei 1963 kamati ya kisayansi ya Rais Kennedy ilitoa ripoti iliyoungana naye kwa sehemu kubwa. Juni akatoa ushahidi mbele ya Seneti, amevaa wigi, mwili umechoka.

Alifariki Aprili 14, 1964, akiwa na miaka 56. Roger alikuwa na miaka 12. Mwaka 1972 Marekani ikapiga marufuku DDT mashambani.

Alisababisha malaria?

Mpaka leo wapo wanaomlaumu kwamba kwa kuipinga DDT aliwaua Waafrika kwa malaria. Hebu tuliweke sawa. Rachel hakudai sumu zote zifutwe. Alichosema ni kwamba zikimwagwa hovyo, wadudu wanazoea, na alitaja mbu wa malaria waliokuwa tayari wameanza kuzoea. Hata mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unaruhusu DDT kwa ajili ya kudhibiti wadudu wanaoeneza magonjwa kama malaria.

Na kumbe njia aliyoionyesha imefika hadi kwetu. Mwaka 1976, ndani ya jangwa la Negev nchini Israel, alipatikana ndugu wa yule bakteria wa viwavi, huyu akiua viluilui wa mbu. Leo Kibaha, mkoani Pwani, Tanzania, kipo kiwanda kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba kinachotengeneza viuadudu kutokana na bakteria wa aina hiyo, vinavyomwagwa kwenye madimbwi ya mbu. Wakulima nao wanatumia dawa za bakteria dhidi ya viwavi, na Bacillus subtilis kuzuia fangasi kwenye mimea.

Rachel hakuviona hivyo vyote. Ila siku ukimwona mtu ananyunyizia dimbwi dawa ambayo haiui samaki wala bata, ujue kuna mwanamke mgonjwa aliyetumia miaka yake ya mwisho kutuambia kwamba inawezekana.