Karl Terzaghi, Mhandisi Aliyeeleza kwa Nini Mchanga Hugeuka Uji Chini ya Misingi

Karl Terzaghi, mwasisi wa sayansi ya mekanika ya udongo, alizaliwa tarehe 2 Oktoba, 1883 katika jiji la Prague, lililokuwa chini ya Dola ya Austria na Hungaria. Baada ya kuhitimu uhandisi wa mitambo jijini Graz mwaka 1904, aliingia katika kazi za ujenzi. Huko alibaini kuwa wahandisi waliweza kukokotoa nguvu za chuma na zege, lakini udongo unaobeba jengo zima waliukadiria kwa mazoea.

Mwaka 1916 alianza kufundisha Istanbul. Akitumia vifaa vya kujitengenezea, alipima mchanga na mfinyanzi kwa miaka kadhaa, na mwaka 1925 akachapisha matokeo yake jijini Vienna. Kiini cha kazi yake ni kwamba uimara wa udongo hutegemea ile sehemu ya mzigo inayobebwa na chembe zenyewe, baada ya kuondoa shinikizo la maji yaliyo kati yake.

Kanuni hiyo ndiyo inayofafanua hatari ya mchanga uliolegea na kujaa maji wakati wa tetemeko la ardhi. Mtikisiko husonganisha chembe, maji hukosa nafasi ya kutoka haraka, shinikizo lake hupanda na chembe huacha kushikana. Mchanga huwa kama uji, na nguzo za msingi zilizopigiliwa humo hupoteza tegemeo la ubavuni.

Terzaghi alifundisha pia Vienna na Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Alifariki dunia tarehe 25 Oktoba, 1963.

Takribani miezi minane baadaye, tarehe 16 Juni, 1964, tetemeko lilipiga mji wa Niigata, Japani. Majengo ya ghorofa yaliyosimama juu ya mchanga yalilala ubavu huku kuta zake zikiwa nzima. Daraja la Showa, lililokuwa jipya, liliangusha sehemu zake mtoni baada ya nguzo zake za mabomba ya chuma kupinda ardhini.

Tangu hapo, wahandisi katika maeneo ya matetemeko hupima kwanza mchanga na kina cha maji, hufikisha nguzo kwenye tabaka imara, na huzipa uwezo wa kuhimili udongo unaozisukuma kutoka ubavuni. Hesabu zote hizo zimejengwa juu ya kanuni ya Terzaghi.