Ernest Hemingway na Ndege Iliyowaka Moto Butiaba

Mwandishi mashuhuri wa Marekani, Ernest Hemingway, alizaliwa tarehe 21 Julai, 1899 katika mji wa Oak Park, Jimbo la Illinois. Akiwa na umri wa miaka 18 alijeruhiwa vibaya nchini Italia alipokuwa akihudumu na Msalaba Mwekundu katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Alifika Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza mwaka 1933. Akiwa Tanganyika aliugua ugonjwa wa kuhara, akachukuliwa kwa ndege ndogo kwenda kutibiwa Nairobi. Kutokana na masaibu hayo aliandika hadithi ya mtu anayefia porini akingoja ndege, ambayo ilililetea jina la Kilimanjaro wasomaji wengi wapya.

Alirejea mwaka 1953 pamoja na mkewe, Mary. Tarehe 23 Januari, 1954, ndege waliyoikodi, aina ya Cessna yenye injini moja, ilikuwa ikiruka chini chini karibu na Maporomoko ya Murchison nchini Uganda. Rubani alipojaribu kuwakwepa ndege wa porini, chombo kiligonga waya wa zamani wa simu, kikatua kwa kishindo vichakani. Mary alivunjika mbavu. Walilala hapo hapo, karibu na Mto Nile.

Ndege ya abiria iliyopita angani iliona mabaki, haikuona watu. Bila uthibitisho mwingine, magazeti ya nchi nyingi yalitangaza kwamba mwandishi huyo amefariki dunia.

Wakati huo wahanga walikuwa wamepata mashua iliyowafikisha Butiaba, kando ya Ziwa Albert. Huko ilisubiri ndege nyingine, de Havilland Rapide, yenye injini mbili na iliyoundwa kwa mbao na kitambaa. Uwanja ulikuwa mbovu na jioni imeingia. Ndege haikufanikiwa kupaa. Ilijibamiza ardhini na kushika moto. Mary alitoka kupitia dirishani. Hemingway, kwa ukubwa wa mwili wake, hakuweza kupita hapo, hivyo akaupiga mlango uliokwama kwa kichwa na bega mpaka ukafunguka.

Pigo hilo ndilo lililomgharimu. Fuvu lilipasuka, ini na figo zikaumia, uti wa mgongo ukajeruhiwa. Dunia iliona picha za mtu aliyefungwa bendeji, akisoma kwa furaha taarifa za kifo chake mwenyewe, ikaamini kwamba hashindwi na lolote. Wiki chache baadaye, huko Shimoni katika pwani ya Kenya, aliungua alipojaribu kusaidia kuzima moto wa nyika. Kwa mtu mwenye majeraha yale, kitendo hicho ni vigumu kukiita ushujaa.

Oktoba mwaka huo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, lakini afya haikumruhusu kwenda Stockholm. Balozi wa Marekani aliipokea kwa niaba yake. Maumivu ya kichwa na huzuni nzito viliendelea kumwandama. Tarehe 2 Julai, 1961 alijiua kwa bunduki nyumbani kwake Ketchum, Idaho.

Aliacha mswada mrefu kuhusu safari ile ya Afrika ambao hakuukamilisha. Mwanawe Patrick, aliyewahi kufundisha katika Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori, Mweka, mkoani Kilimanjaro, aliuhariri na ukachapishwa mwaka 1999.