Nyumba ya Mnyonge na Ardhi Iliyo Chini Yake

Mnyonge anapojengewa nyumba, watu hufika kutazama bati, mlango na madirisha. Ni wachache wanaouliza kiwanja kile ni cha nani. Swali hilo ndilo lililotufanya leo tuyakumbuke maisha ya mtu aliyefariki zaidi ya miaka 140 iliyopita, Askofu Edward Steere wa Unguja.

Hapa Mbeya, na kwa jirani zetu wa Iringa, kazi ya misheni ya kuwapatia makao watu wasio na kitu si jambo geni. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1895 wakafungua kituo cha Utengule katika nchi ya Wasafwa. Miongoni mwa waliokuja kukaa chini ya kivuli cha misheni hizo walikuwamo watu waliokwisha kuonja utumwa. Mpaka leo makanisa yanaendelea kuwajengea nyumba wajane, wazee na familia zisizojiweza, na kazi hiyo inastahili shukrani. Lakini mtu aliyeifanya kazi ya namna hii mapema zaidi, akauona upungufu wake na kuutafutia dawa, alikuwa Unguja. Tunawaomba wasomaji wa huku milimani wateremke pamoja nasi hadi pwani. Ndugu zetu wa Visiwani wao wamekwisha kufika.

Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisomea sheria mpaka akapata udaktari wa fani hiyo mwaka 1850, na njia ya mali na heshima ilikuwa wazi mbele yake. Akaiacha. Mwaka 1856 aliwekwa kuwa shemasi, kisha akatumika kama kasisi wa mashambani huko Lincolnshire. Rafiki yake William Tozer alipofanywa askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu, baada ya askofu wa kwanza kufariki mwaka 1862 katika bonde la mto Shire, Steere alikubali kufuatana naye. Walitia nanga Unguja mwisho wa Agosti 1864.

Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa, ambao Sultani Majid aliwakabidhi kwa misheni. Mgeni asiyejua lugha ya watoto hao angeweza kuwaamrisha tu, asiweze kuwasikiliza. Kwa hiyo yeye, daktari wa sheria, alikaa chini na kufundishwa Kiswahili na watu wa mji, wakiwamo Waislamu wenye elimu. Sisi tuliokaa chuoni mbele ya msahafu kabla ya kukaa darasani mbele ya ubao tunaijua thamani ya mtu mzima anayekubali kuwa mwanafunzi. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha kufundishia Kiswahili pamoja na mkusanyo wa hadithi za Unguja. Miaka 60 baadaye, Kiswahili cha Unguja ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, ambacho leo tunakiandika hapa Mbeya.

Mwaka 1871 misheni ilinunua shamba Mbweni, kusini ya mji. Miaka miwili baadaye, Juni 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba uliopiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kufunga masoko yao. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi na kuwateremsha pwani wanaume, wanawake na watoto wasio na jamaa wala jembe. Ufukara wao haukuwa wa njaa pekee. Hakuwapo hata mtu mmoja mjini aliyewajua kwa majina ya baba zao. Tena waliteremshwa katika kisiwa ambacho utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hadi mwaka 1897. Mtu asiye na makao wala wa kumtetea aliweza kurudi utumwani siku yoyote.

Mbweni iliwapa makao. Waliooana walipata nyumba na kipande cha kulima, watoto walipata shule, na wengine walipata kazi za mikono. Kwa mara ya kwanza tangu kutekwa kwao, watu hao walifunga mlango usiku wakijua kwamba walio ndani hawatauzwa asubuhi. Yeyote anayeidharau kazi hiyo hajapata kulala nje.

Hata hivyo, ardhi ya Mbweni ilikuwa mali ya misheni. Aliyekaa pale alikaa kwa kanuni za misheni, na aliyezivunja hakuwa na hati ya kumtetea. Mtu alikuwa ametoka katika mikono ya bwana mmoja akaingia katika hisani ya mwingine, mpole zaidi, lakini mwenye shamba bado. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Tena wengi wa watu wale walikuwa wametoka kusini, katika nchi za Wayao, Wamakua na Wanyasa, na Unguja haikuwa kwao.

Steere alipata uaskofu mwezi Agosti 1874. Mwaka uliofuata alikwenda kwa miguu kutoka Lindi hadi Mwembe, mji wa Mataka, mkuu wa Wayao, kuitazama nchi walikotoka watu wake. Oktoba 1876 aliondoka tena pwani, safari hii akiongoza watu zaidi ya hamsini waliokuwa wamekaa Mbweni. Nia ilikuwa kuendelea hadi karibu na Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi waliiona nchi inayofanana na ile waliyoporwa, wakaamua kukaa. Walikata miti, wakajenga na kulima. Tunaiona safari hiyo kuwa kubwa kuliko kanisa lake la mawe la Mkunazini, lililosimamishwa kati ya 1873 na 1879 mahali palipokuwa soko la watumwa.

Tarehe 27 Agosti 1882 Steere alifariki Unguja, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa hilo. Mwezi uliofuata Wangoni waliivamia Masasi, wakachoma nyumba na kuchukua mateka. Hata hivyo Masasi iliinuka, na leo ni mji na ni wilaya katika Mkoa wa Mtwara. Shule ya Mbweni imebaki magofu yanayotazamwa na wageni.

Hatuandiki haya kumfanya Steere mtakatifu. Sisi si wa dini yake, wala hatusahau kwamba misheni zilitembea chini ya ulinzi wa manowari za dola iliyokuja kututawala. Lakini haki ni haki hata kwa mgeni. Alijua kwamba kumpa mtu paa si kumaliza deni.

Historia yetu wenyewe imelithibitisha hilo. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ya Zanzibar haikuishia kwenye majumba ya maendeleo ya Kikwajuni na Michenzani. Iligawa pia eka tatu tatu kwa wakulima. Huku Bara, katika miaka ya 1970, tulihamisha watu vijijini kwa nia njema, na mahali pengine tukawatenga na mashamba yao ya asili kabla ya kuwatayarishia mapya. Kosa hilo lilikuwa letu, na halipungui kwa kunyamaziwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka hati ya hakimiliki ya kimila, na Wilaya ya Mbozi, iliyokuwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuitoa.

Basi rai yetu kwa watendaji ni nyepesi. Kanisa, msikiti au shirika linapoomba kumjengea mjane nyumba, halmashauri ya kijiji isiishie kupiga makofi siku ya kukabidhi ufunguo. Kabla ya jiwe la kwanza, kiwanja kipimwe na hati iandikwe jina la mjane huyo, si la mfadhili wala la shemeji yake. Wafadhili huondoka na viongozi hubadilika. Siku atakapokuja mtu kudai kiwanja, mama huyo awe na karatasi ya kumwonyesha.