Grace Hopper na Majaribio ya Programu

Grace Murray alizaliwa tarehe 9 Desemba 1906 katika mji wa New York, nchini Marekani. Alipokuwa na umri wa miaka saba alitaka kujua jinsi saa ya kengele inavyofanya kazi. Aliifungua, vipande vikamtawanyikia, akashindwa kuvirudisha. Akafungua nyingine ili aone, na nyingine tena, hata zikatimia saba. Mama yake alipogundua, alimwachia saa moja tu ya kuchezea.

Jina la Hopper alilipata kwa ndoa. Mwaka 1934 Chuo Kikuu cha Yale kilimpa shahada ya udaktari katika hisabati. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alijiunga na Jeshi la Wanamaji, na mwaka 1944 akapelekwa Chuo Kikuu cha Harvard kufanya kazi kwenye kompyuta iliyoitwa Mark I. Usidhani ilifanana na kompyuta za siku hizi. Urefu wake ulizidi mita 15; huenda isingeenea katika darasa lako!

Tarehe 9 Septemba 1947 kompyuta nyingine, Mark II, ilikwama. Mafundi walimkuta nondo amebanwa ndani ya swichi, wakambandika katika daftari lao la kazi. Watu wengi husema kwamba Hopper ndiye aliyemkuta. Sivyo, yeye alipenda tu kukisimulia kisa hicho.

Kosa lililomsumbua zaidi halikuwa la mdudu. Wajua kwamba programu ni mfululizo wa maagizo yanayofuatwa na kompyuta. Hopper na wenzake walikuwa na vipande vya programu vilivyokwisha kujaribiwa. Walivinakili kwa mkono ili kuunda programu ndefu, na kila mara iliwabidi kubadili nambari za mahali pa kila agizo kwa kujumlisha. Hapo ndipo walipokosea. Kila kipande peke yake kilikuwa sahihi, lakini vilipounganishwa jibu liliharibika.

Chukua tochi ya betri mbili ujionee. Balbu ni nzima, betri zina nguvu, swichi haina kasoro. Sasa igeuze betri moja. Taa haiwaki! Ukipima kila kifaa peke yake hutaona kosa, kwa sababu kosa liko mahali vifaa vinapokutana. Ni lazima uviunganishe vyote, kisha ujaribu.

Mwaka 1952 Hopper alitengeneza A-0, programu iliyoiwezesha kompyuta yenyewe kuviunganisha vipande hivyo. Mwaka 1959 kamati ilianza kutunga lugha ya kompyuta iitwayo COBOL, ikifuata sana mawazo yake. Mnamo Desemba 1960 programu moja ya COBOL, baada ya kubadilishwa kidogo tu, iliendeshwa katika kompyuta mbili za makampuni tofauti.

Hata hivyo, kila kampuni iliielewa lugha hiyo kwa namna yake. Mwaka 1967 Jeshi la Wanamaji lilimwita Hopper arudi kutoka kustaafu. Kikundi chake kiliandika programu za majaribio, ambazo majibu yake yalijulikana tangu mwanzo. Programu hizo ziliendeshwa katika kila kompyuta, na majibu yakalinganishwa. Palipotokea tofauti, mtengenezaji alijua la kurekebisha.

Hopper alistaafu mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka 79, akafariki tarehe 1 Januari 1992. Daftari lenye yule nondo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Washington.